Mkomamanga wa Mama Jangwa

Siku ambayo Fundi alikusudia kumwomba Mama Jangwa awe mkewe ndiyo siku mkomamanga ulipoamua kumwaga majani.

Kusema kweli haukuanza siku hiyo. Kwa muda majani yalikuwa yakigeuka manjano, naye Fundi akajitia hamnazo, akiupita pale uani kama mtu anayempita jirani aliyegombana naye. Lakini asubuhi ile ya Jumapili, akiwa ndani ya shati lililonyooshwa vizuri na kidevu kikimwasha kwa kunyolewa kikavu, alishika tawi moja tu, na majani yakamdondokea kiganjani bila ubishi. Akageukia ua wa mihina kando ya ukuta. Ilikuwa imelegea, vichwa chini, kama wanafunzi waliokutwa na kosa. Akainama kwenye mshubiri, mmea ambao watu husema huota hata juu ya kifusi. Alipougusa shinani, kidole kilizama kama kwenye papai lililoiva likapitiliza.

Akainuka, akakipangusa kidole ukutani.

"Wameniweza," akasema peke yake. "Wamefunga maji weee, mpaka wameniweza."

Hao "wao" hawakuhitaji kutajwa. Mtaa mzima uliwajua wenye funguo za mabomba. Maji yalitoka walipokumbuka, yakakatika walipojisikia, na kwenye nyumba zao kule mlimani mpira wa kumwagilia ulilala kwenye nyasi ukitiririka mchana kutwa kama kitu kisicho na mwenyewe. Fundi alikwishawatwika lawama za kila kitu: bomba, vumbi, mgongo wake mbovu, hata upweke wake. Na si kila siku alikuwa amekosea.

Maana zamani pale uani palikuwa na bustani. Marehemu mkewe alikuwa ameotesha nyasi laini na mawaridi mbele ya baraza, enzi bomba lilipokuwa bomba. Alipofariki, Fundi aliapa kwamba hakuna hata shina moja litakalokufa. Akabeba ndoo. Akabeba mpaka kiuno kikagoma. Nyasi zilitangulia, mawaridi yakafuata moja moja, na kilichobaki kikawa vumbi lililoingia mpaka kwenye vikombe vya chai.

Ndipo Mama Jangwa alipoingia karakana kwake akitaka achomelewe fremu ya kivuli cha miche.

Watu walimwita hivyo kwa sababu kwenye kitalu chake, pale kwenye kona ya barabara, hakuuza mmea usioweza kuvumilia jua. Ukimwomba waridi, alikuuliza kama una kisima. Ukisema huna, alikutakia safari njema. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye mikono ya udongo na macho ya kucheka. Macho ambayo Fundi, alipoinua ile miwani yake myeusi ya kuchomelea, aliyatazama muda mrefu kuliko fremu ilivyohitaji.

"Fundi, unanipima mimi au unapima chuma?"

"Chuma," Fundi alijibu, masikio yakimwaka moto.

"Basi angalia chuma."

Baada ya fremu, akaja kuuona uwanja wake. Hakuja na mche hata mmoja. Alikaa barazani kwenye kiti cha plastiki, akalitazama jua linavyotembea tangu asubuhi mpaka alasiri, akinywa chai na kuuliza maswali. Jua la jioni linapiga dirisha lipi? Shimo la maji machafu liko wapi? Nguo mnaanika wapi? Nani hupenda kukaa hapa, na hukaa wakati gani?

"Unachagua miti au unafanya upelelezi?" Fundi alimuuliza.

"Miti nitaichagua baadaye. Kwanza nawachagua watu watakaoishi nayo."

Fundi alimeza chai ya moto vibaya, akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

Walichagua pamoja. Mwarobaini upande wa machweo, ukikinge chumba cha kulala na jua la alasiri, lakini mbali na ukuta na mbali na lile shimo, maana mizizi yake haina adabu. Fundi alitaka mkunazi kwa kuwa alisikia haufi hata ukichomwa moto. Mama Jangwa akamwonyesha kamba ya kuanikia. "Na miiba yake ile? Kama unataka shuka zako ziwe chandarua, panda." Mihina iwe ua, kwa kuwa hukubali kukatwa na haiombi kitu. Bogenvilia upande kwenye geti. Mshubiri pembeni mwa njia, mahali pakavu kuliko pote. Na mkomamanga ukae mbele ya dirisha la jikoni, "ili anayeosha vyombo apate cha kutazama." Tena alichukua miche midogo, ya kufika magotini, ingawa Fundi alitaka mikubwa ya kuwaonyesha majirani.

"Mkubwa ameshazoea kulishwa ndani ya mkebe," alisema. "Mdogo atajifunza kushuka chini kutafuta mwenyewe."

Siku ya kupanda alisimama mbele ya Fundi, matope mpaka viwikoni, akampa masharti. "Maji mara mbili kwa wiki, mwezi wa kwanza tu. Baadaye mara moja. Baadaye unaacha. Hayo majani makavu niliyotandaza juu usiyaondoe. Halafu kaa mbali nayo. Unanisikia, Fundi? Kuacha ndiyo kazi yenyewe."

"Nakusikia."

Na kweli alisikia. Alisikia sauti zaidi kuliko maneno.

Mambo yangekwenda yenyewe kama si Pilipili.

Pilipili alikuwa binti yake wa pekee, msusi kwa kazi, aliyepachikwa jina hilo na baba yake siku ileile alipojua kuongea. Aliponusa kinachoendelea, na hakuhitaji pua ndefu kwa sababu baba mtu alikuwa ameanza kupiga mluzi bafuni, alisimama jikoni mikono kiunoni akatoa hukumu.

"Sawa. Miti yake ikishika mpaka kiangazi kiishe, nitamkaribisha humu kwa mdomo wangu mwenyewe. Ikifa, jina lake lisitajwe tena."

Na Mama Jangwa naye, siku Fundi alipoanza kumgusia habari ya ndoa, alimkatisha katikati ya sentensi.

"Nilishaingia nyumba yenye watoto wasionitaka," alisema, akitazama kwingine. "Nilikula chakula cha kimya, Fundi, miaka. Kijiko kikigonga sahani unaona umefanya kosa. Sirudii tena. Usiniulize kitu mpaka binti yako aseme."

Kwa hiyo maisha yote ya mbele ya mzee huyu yalikuwa yamening'inia kwenye miche ile. Na sasa kiangazi kimebaki ncha tu, Mama Jangwa yuko njiani anakuja kukagua, na miche inakufa.

"Baba?"

Pilipili alikuwa mlangoni, kichwa amekifunga kitambaa, kikombe cha chai mkononi. Macho yake yalikuwa kwenye mkomamanga.

"Umekuwaje huo?"

"Huoni? Umekufa."

"Haujafa! Jana jioni ulikuwa..." Akajikata. "Yaani, jana niliupita tu."

"Furahi basi. Umeshinda."

"Nani kakwambia nafurahi?"

"Si wewe uliyeweka masharti? Si wewe uliyesema jina lisitajwe? Haya, chukua ushindi wako ukautundike saluni, wateja wauone."

"Usinipandishie sauti asubuhi asubuhi, Baba. Mimi ndiye niliyemwambia achague miti dhaifu? Mtu anajiita Mama Jangwa, halafu jangwa lenyewe linamshinda!"

"Chunga ulimi wako."

"Huu ndio nimeuchunga. Ningeuachia ungehama."

Siku nyingine Fundi angecheka. Leo alitupa yale majani chini na kujipangusa kiganja kwenye suruali ya Jumapili. Pilipili alimtazama baba yake, akaona shati, akaona kidevu, akaelewa ni siku gani. Sauti yake ikashuka.

"Ulitaka kumwambia leo."

"Nilitaka."

"Labda ni ishara. Labda ardhi ya mama imemkataa."

Maneno hayo yaliingia pale penyewe. Fundi akanyoosha kidole kuelekea mbele ya baraza, penye mduara wa udongo mtupu uliozungushiwa mawe, pale mawaridi yalipokuwa.

"Unapaona pale? Unajua kwa nini hapajapandwa kitu?"

"Kwa sababu ulimkatalia. Hilo nilikushukuru moyoni."

"Mimi? Mimi nilitaka pawekwe mshubiri. Yeye ndiye aliyekataa. Alisema, 'Hapa pana mwenyewe, na mwenyewe ana mtoto. Mtoto ndiye atakayeamua.' Akatafuta mawe, akayapanga kwa mikono yake, jiwe moja moja."

Pilipili aliinamia kikombe chake kama aliyeona mdudu ndani ya chai.

"Hukuniambia."

"Ungenisikiliza?"

Geti likagongwa.

"Hodi wenyewe!"

Hakuna aliyeitika haraka, kwa hiyo Mama Jangwa alijikaribisha mwenyewe, ndala miguuni, mkoba wa turubai begani, uso umemchangamka. Fundi alimwona, na kama kawaida kifua chake kikafanya kile kitu ambacho kwa umri wake aliona aibu kukitaja.

"Shikamoo," Pilipili akasema, kwa sauti ya mtu anayetimiza wajibu.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Na wewe Fundi, mbona umependeza hivyo, kuna..." Hapo akauona mkomamanga. Uchangamfu ukamtoka. Akaitazama mihina. Akautazama mshubiri.

"Usiseme kitu," Fundi alimwahi, mikono hewani. "Kosa si lako. Ni hawa wenye maji. Kiumbe gani ataishi hivi? Wameukausha mtaa, wameikausha miti, wanataka na sisi tukauke watuuze kama dagaa..."

"Fundi."

"...na nitakwenda ofisini kwao kesho, niwaambie..."

"Fundi, nyamaza kidogo."

Alipiga magoti chini ya mkomamanga. Akayasogeza majani makavu aliyoyatandaza mwenyewe, akachomeka kidole ardhini. Akakunja uso. Akachomeka mkono mzima mpaka kifundoni, na ulipotoka ulitoka mweusi, unachuruzika. Akaunusa.

"Huu udongo unanuka kama kwa vyura," alisema polepole. "Mti huu hauna kiu. Unazama."

Baba na binti walimtazama kama aliyewaambia nyumba yao inaelea.

"Unazama wapi?" Fundi aliuliza. "Mtaa huu? Bomba letu hata buibui ameshajenga mdomoni!"

"Mizizi imeoza kwa maji. Na mihina hivyohivyo. Na mshubiri, masikini, huo umekwisha kabisa. Nani anaimwagilia?"

Fundi ghafla aliona geti lake linahitaji kuangaliwa. Akaliangalia. Bawaba ya juu, bawaba ya chini.

"Fundi."

"Kidogo tu," akasema, akiwa amempa mgongo. "Alfajiri, kabla sijaenda karakana. Maji ya kusuuzia vyombo, yale ya mwisho, safi. Na ya kunyolea."

"Kila siku?"

"Kindoo tu. Kile cha bluu."

"Nilisema nini mimi? Si nilisema kuacha ndiyo kazi?"

"Ulisema." Aligeuka. Ubishi wote ulikuwa umemtoka usoni. "Nimetazama vitu vingi vikikauka mbele yangu, mama. Ukiniambia niache, kichwa kinakubali, mkono unakataa. Naamka, nauona umesimama pale mdogo vile, peke yake, nashindwa kuupita."

Mama Jangwa alifungua kinywa amkemee, akakifunga. Alimtazama kwa namna ambayo Pilipili, aliyekuwa amesimama pembeni, alijikuta anatazama chini kwa heshima. Kisha mtaalamu ndani yake akarudi. Akakunja nyusi.

"Lakini kindoo cha bluu hakiwezi kufanya bwawa hili. Halafu leo hujamwagilia?"

"Leo nilikuwa napiga pasi."

"Basi mbona huku juu pamelowa chepechepe? Haya ni maji ya jana jioni."

Wakageuka wote wawili, taratibu, upande wa mlango.

"Msinitazame hivyo," Pilipili akasema.

"Pilipili," baba yake akasema.

"Nimesema msinitazame hivyo!"

"Lile dumu unalokuja nalo jioni kwenye pikipiki, kutoka kisima cha jirani wa saluni. Si ulisema ni la kuoga?"

"Ndiyo."

"Na wewe ukawa unaoga nini?"

"Kikombe."

"Kikombe!"

"Kikombe kikubwa, Baba!"

Mama Jangwa alijiziba mdomo kwa mkono wa tope na kujipaka masharubu meusi. Hakuna aliyethubutu kucheka. Midomo ya Pilipili ilikuwa imeanza kutetemeka, na Fundi, aliyemwona binti huyo akivunjika mara moja tu, siku ya maziko, alimsogelea hatua moja na kusimama.

"Kwa nini, mwanangu? Si ulitaka ife?"

"Nilitaka ife nani kakwambia?" Chai ilikuwa inamwagika kutoka kikombeni bila yeye kujua. "Nilisema maneno. Wewe hujawahi kusema maneno? Tangu mama aondoke, humu ndani palikuwa panasikika friji tu. Nikirudi nakukuta umekaa gizani, nikiwasha taa unasema zima, umeme unakwenda bure. Halafu huyu akaja na vijiti vyake, ukaanza kupiga mluzi bafuni. Wimbo mmoja huohuo, na unaukosea. Nikalala nasikiliza. Nikasema, vijiti hivi vikifa, na mluzi umekufa. Sharti nilishalitoa, ningelirudishaje? Uso wangu ningeuweka wapi? Nikaona afadhali niinyweshe kimya kimya ishike, halafu niseme haya, mmenishinda."

Fundi alimtoa kile kikombe mkononi, kabla hakijaanguka, na kukiweka juu ya ukuta. Kisha akamvuta mtoto wake kifuani, na shati la Jumapili likapata doa la kwanza, la chai.

"Kumbe mtihani wangu mlikuwa mnauibia wote wawili," Mama Jangwa akasema pale chini. Sauti yake ilikuwa na kicheko na kitu kingine. "Mmoja alfajiri, mwingine jioni. Mtaa hauna maji, na nyie mmeiua miti kwa maji! Nimeuza miche miaka yote, hili sijaliona."

"Itapona?" Pilipili aliuliza, akijifuta pua.

"Sikudanganyi. Mihina ni mikaidi, itapona. Mwarobaini mlikuwa mnaunyima?"

"Uko mbali," wakajibu pamoja.

"Ndiyo maana mzima. Mkomamanga sijui. Leteni jembe, na zile kokoto za nyuma ya choo. Tuutoe humo kwenye supu kwanza, maswali baadaye."

Wakachimba. Fundi aliusukuma mchanga na kokoto kwa toroli, binti yake akavunjavunja mabonge ya tope kwa mikono iliyozoea kusuka nywele laini, na Mama Jangwa akaushika mkomamanga kwa chini kama mkunga, akisema "taratibu, taratibu, usiuvute, unyanyue." Mizizi mingine ilikuwa myeusi, akaikata kwa kisu. Mingine ilikuwa bado myeupe, nyembamba, na kila alipoiona alitoa sauti ndogo ya furaha kooni. Wakaupandisha juu ya kilima kidogo cha kokoto na udongo mkavu ili maji yasituame tena. Wakafungua mfereji kando ya mihina. Mshubiri wakaung'oa, lakini pembeni mwa shina bovu palikuwa na vichipukizi viwili vizima, na Mama Jangwa akaviweka mkobani kwake, akisema vitakaa huko mpaka familia hii ipate akili.

Kuna wakati Fundi alisimama kupumzisha kiuno. Mbele yake, wanawake wawili walikuwa wamepiga magoti kwenye shimo moja, viwiko vikigongana. Mmoja alisema kitu, mwingine akacheka. Hakusikia ni nini. Alifikiria marehemu mkewe, aliyependa kuona watu wakichafuka, na kwa mara ya kwanza tangu amzike alimfikiria bila kukasirika na mtu yeyote. Akajikuta anashukuru. Alishukuru kwa miaka waliyopewa pamoja. Akashukuru hata kwa bomba kavu, jambo ambalo asingelikiri hadharani hata kwa kuburutwa, maana maji yangekuwepo, asingemjua huyu mwenye masharubu ya tope.

"Haya sasa," Pilipili akasema walipomaliza, amekaa chini bila kujali gauni. "Nilisema miti ikishika. Haijashika, haijafa. Nani kashinda hapo?"

Mama Jangwa alikuwa akijifuta mikono kwa majani makavu. Aliendelea kujifuta hata palipokwisha tope.

"Sijaja kushindana na wewe, mwanangu. Ukiona tungoje kiangazi kingine, nitangoja. Nimezoea vitu vya polepole. Na ukisema hapana, nitakuja kukagua miti yenu, nitakunywa chai barazani, nitakwenda zangu. Sitakuchukia."

"Kiangazi kingine?" Pilipili alimtazama kama mwendawazimu. "Na mimi nitaoga lini?"

Fundi alicheka. Kilikuwa kicheko cha tumboni, kilichokaa muda mrefu bila kutumika.

"Mimi na Baba hatuaminiki," Pilipili aliendelea, sasa hacheki. "Umeona mwenyewe. Wewe njoo ukae hapa, uitazame hii miti, na umtazame na huyu. Mimi usiku nalala nikihesabu pumzi zake. Nimechoka kumtazama peke yangu."

"Hiyo ni karibu, au unaniajiri ulinzi?"

"Ni karibu. Kwa mdomo wangu mwenyewe, kama nilivyosema." Akameza mate. "Ila kukuita mama siwezi. Nisikudanganye."

"Sikuja kuitwa mama. Mama unaye. Niite dada."

"Dada yangu ataolewaje na baba yangu?"

"Basi shangazi."

"Shangazi ni dada yake Baba! Unazidi kuharibu!"

Fundi alikuwa ameshikilia toroli asianguke. Hata Mama Jangwa alishindwa kujizuia, mabega yakamtikisika.

"Mama mdogo," Pilipili akasema ghafla, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeonja chumvi. Akarudia. "Mama mdogo. Inatosha?"

Kicheko cha Mama Jangwa kilikatika. Akapangusa macho kwa mkono, akaongeza tope juu ya tope.

"Inatosha," akasema. "Inatosha na kuzidi."

Pilipili alisimama, akajikung'uta, akawatazama wote wawili na kupandisha pumzi puani. "Haya, mimi naingia kuoga. Dumu zima. Asinigongee mtu."

Mlango wa bafuni ukafungwa. Pale uani wakabaki wawili, na uso wa Fundi ukarudi kuwa na miaka ishirini. Alikuwa amejiandalia maneno. Alikuwa ameyasema mbele ya kioo, mbele ya mageti, mbele ya mtungi wa gesi kule karakana. Sasa hakuliona hata moja. Mama Jangwa alimsubiri, mikono mapajani, macho ya kucheka yamelowa.

"Nashukuru," Fundi akasema.

"Hujauliza kitu. Unashukuru nini?"

"Nashukuru kwanza. Kuuliza nitauliza."

"Lini?"

"Sasa hivi. Ngoja nishukuru vizuri." Alimshika mkono, tope kwa tope, akaona vidole vyake ni vyembamba kuliko alivyodhani siku zote alizovitazama. "Nashukuru ulikuja karakana kwangu ukaacha zile nyingine zote. Nashukuru ulikaa barazani kutwa nzima ukitazama jua, maana na mimi nilikuwa nakutazama wewe. Nashukuru kwa yale mawe. Nashukuru hukunikemea leo mbele ya mwanangu, na nilistahili."

"Nitakukemea baadaye."

"Nashukuru na hilo."

"Baba!" sauti ikatoka bafuni, na mlio wa maji ukimwagika kwa fujo. "Umeuliza?"

"Bado!"

"Unangoja nini? Dumu linaisha, nikitoka nataka jibu!"

Mama Jangwa aliinamisha kichwa, bega lake likagusa bega la Fundi, likabaki hapo. Fundi alivuta pumzi. Akauliza, kwa maneno ya kawaida kabisa, yasiyokuwa na hata moja kati ya yale aliyoyafanyia mazoezi. Na mwanamke huyu, aliyewarudisha wateja nyumbani wakafikiri kwanza hata kwa kichaka cha kando ya geti, hakulingoja swali lifike mwisho.

"Ndiyo," akasema.